Swali la Lugha: Je, Yellowstone Kuna Kongoni?

Swali: Ninatafsiri maelezo ya picha ya elki (mnyama wa porini afananaye na swala mkubwa) na mtoto wake katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Nimeandika: “Kongoni jike ameficha ndama zake msituni.” Je, jina kongoni linafaa? Na “ndama zake” ni sahihi?

Jibu: Kongoni halifai. Kongoni, awe dume au jike, ana pembe za kudumu, ilhali kwa elki dume peke yake ndiye huota pembe, nazo ni mfupa mtupu wenye matawi, unaodondoka na kuota upya kila mwaka. Msomaji anayemjua kongoni ataiona picha ya jike asiye na pembe na kudhani mpigapicha ndiye aliyekosea. Jina pofu, la swala mkubwa wa Afrika, lina kasoro hiyo hiyo. Ayala, linalosomwa katika Zaburi ya 42, limo katika ukoo unaotakiwa, ila nje ya Biblia ni wachache wanaolitumia.

Elki nalo lina mtego wake, kwa kuwa huko Ulaya jina hilo ni la mnyama mwingine, mkubwa zaidi na mwenye pembe bapa, aishiye katika misitu ya Sweden na Norway. Mimi ningechagua wapiti, jina lililotoka katika lugha ya Washawnee, wenyeji wa Amerika Kaskazini, ambalo Mswahili hulitamka bila kubadilisha hata herufi moja. Tahadhari ni kwamba wa- ya mwanzo si kiambishi cha wingi, tusije tukazua “mpiti”: ni wapiti mmoja, wapiti wawili.

Ndama ni neno la zizini, lakini limekwisha kuzoeleka hata kwa nyati na tembo. “Ndama zake” si kosa la sarufi, kwani majina ya wanyama ya aina hii, ingawa vitenzi vyake hufuata a-/wa-, huruhusu z- katika vimilikishi vya wingi, kama tusemavyo ng’ombe zangu. Tatizo ni idadi. Wapiti kwa kawaida huzaa ndama mmoja, mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, mwenye uzito wa kilo 15 hivi na madoa meupe mgongoni. Katika siku za mwanzo ndama hujilaza kimya nyasini au chini ya vichaka, naye mama hula mbali kidogo, asije akamvutia dubu hadi pale alipo mwanawe. Kwa hiyo umoja ndio unaotakiwa, na hata kitenzi “ameficha” ningekibadilisha, kwa kuwa mama haonekani akificha chochote. Yeye huondoka tu. Andika: “Wapiti jike amemwacha ndama wake mafichoni msituni.”