Soko la mafundi: maswali yenu wiki hii

Barua za wiki hii karibu zote zinazunguka wazo moja: kuanzisha soko la kazi kwenye simu, mwenye kazi huku, mfanyakazi kule, na wewe katikati. Nimechagua tano.

Mzee, sisi ni vijana watatu wa Bombo. Tunataka programu ya kuunganisha mafundi na wateja Uganda nzima. Mtaalamu anataka milioni 12, tumechanga 4. Tukope zilizobaki?

Msikope. Na hizo 4 msimpe mtu bado.

Nendeni kwenye duka la hadiwea hapo Bombo, au Ndeeba, Kampala, mkiwa na nauli, mkae kibarazani saa moja. Mteja ananunua bomba, halafu anauliza, "Na fundi nitampata wapi?" Mwenye duka anachomoa daftari chini ya kaunta, limejaa madoa ya rangi na jalada lilishang'oka zamani. Anafungua ukurasa wa mafundi bomba: namba sita, mbili zimekatwa kwa wino mwekundu. Hizo mbili zilizokatwa ndizo biashara yenyewe. Mzee yule anajua nani alikula pesa ya saruji na nani hufika akisema atafika. Programu yenu itakuwa na majina 400 na wino mwekundu haitakuwa nao.

Basi chagueni ufundi mmoja na eneo moja. Mafundi bomba 15, kutoka Bombo mpaka Wobulenzi. "Uganda nzima" iacheni kwanza. Fundi wa Mbale hamsaidii mtu ambaye choo chake kimeziba Bombo. Laini moja ya simu, WhatsApp, daftari. Mmoja wenu apokee simu, wa pili aende kukagua kila kazi ikiisha, wa tatu aandike: nani alipiga, alitaka nini, fundi alifika saa ngapi, alilipwa ngapi. Miezi mitatu hivyo. Mkija kumwita mtaalamu mtajua cha kumwagiza, na huenda bei yenyewe ikashuka.

Jambo jingine. Vijana wengi hukimbilia kusajili mafundi kwa sababu mafundi ni rahisi kuwapata. Kilicho haba ni kazi. Ukisajili watu 300 kabla hujapata wateja 10, mwezi wa pili utaitwa tapeli mtaani kwenu. Anzeni na wateja.

Nina wapaka rangi na wasafishaji hapa Kampala. Mteja akishampata mtu wangu, safari ya pili wanapigiana wenyewe, mimi sipati kitu. Niwabane vipi?

Hutaweza kuwabana, dada. Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa nakata asilimia 15 kila kazi, nikajiona mjanja. Wiki ya nne simu ikanyamaza. Siku moja napita Kisaasi, namwona mpaka rangi wangu juu ya ngazi, kwenye ukuta wa mteja wangu, brashi inadondosha matone. Akashuka, akanisalimia kwa adabu zote, hata kiti akaniletea! Hakuona kosa lolote. Nilikasirika siku mbili, kisha nikakubali kwamba kweli hana kosa: niliwakutanisha mara moja, halafu nikataka kodi ya maisha.

Tangu hapo nashauri hivi. Toza ya kuwakutanisha, mara moja, kwa mwenye kazi, na uitaje bei hiyo waziwazi. Ukitaka kulipwa tena, fanya kile ambacho hawawezi kukifanya wenyewe. Rangi ikibanduka ndani ya mwezi, unapeleka mtu mwingine bila malipo. Mteja akitaka watu sita kesho asubuhi kusafisha jengo kabla ya Idi, unawapata sita. Msafishaji wa kila wiki atakuponyoka tu, mzoee. Lakini bomba likipasuka saa nne usiku, mtu huyo humhitaji fundi labda mara moja kwa mwaka, na namba ya mwaka jana alishaipoteza. Huyo atakupigia wewe.

Niko Arua, natafutia watu wasichana wa kazi za nyumbani. Naweza kuwatoza wasichana 20,000 za kujiandikisha? Na serikali inataka nini?

Usiwatoze, mama. Anayetafuta kazi ndiye asiye na pesa, na hiyo "pesa ya fomu" ndiyo waliyoizoea matapeli.

Serikali: kusajili jina la biashara URSB, ofisi ya usajili wa biashara, hakutoshi. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka anayeendesha wakala wa kutafutia watu kazi awe na kibali, na kibali kinatoka Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Dai kitambulisho cha taifa, ambacho hupewa aliyefika miaka 16, pamoja na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, wa kwao. Picha za vitambulisho hivyo zisikae kwenye simu ambayo watoto wanachezea gemu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nayo inakuhusu hata ukiwa na ofisi ya meza moja.

Mshahara nao upangie kiwango chako na uwakatae wanaotoa chini yake. Kima cha chini cha kisheria kiliwekwa 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Siku hizi hakinunui kilo mbili za sukari.

Hapa Busia vibarua wengi wana katochi, simu ndogo za vitufe. Watatumiaje programu?

Hawataitumia. Mwenye kazi ndiye mwenye simu janja, naye pia anahesabu data, maana tangu Julai 2021 ina kodi ya asilimia 12. Kibarua mpelekee ujumbe mfupi, au mpigie. Namba za nyota na reli (zile za kubonyeza * na #, hazihitaji intaneti) ni nzuri lakini zina gharama yake. Zisubiri mpaka kazi ziwe nyingi.

Malipo nayo yafikirie. Mtu akitoa 30,000 kwenye simu, kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ni shilingi 150, juu yake kuna ada ya kampuni. Mwambie mwenye kazi aongeze ya kutolea. Ni pesa ndogo, ila kibarua haisahau.

Tutumie lugha gani? Na tukipata kazi za Dubai, tuziweke?

La pili kwanza: msiguse kyeyo, yaani kazi za nje ya nchi. Kupeleka watu nje kuna leseni yake na kanuni zake, na mkikosea anayeteseka yuko mbali ambako hamfiki.

Lugha: Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini saiti ya ujenzi haikungoja. Fundi, kibarua, nyapara, maneno hayo yalishafika hapo kabla ya waziri yeyote. Kampala ongeza Kiganda, Arua Kilugbara. Na wasiosoma warekodieni sauti: kazi gani, wapi, siku ngapi, bei. Iwe ya mtu wa hapo hapo, asome polepole, na bei airudie mara mbili.