Deni lipo, lakini si la unga

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: je, mchezaji wa chuo ana deni kwa jamii iliyomlea? Nilitaka kujibu hapana na kuishia hapo. Katika futiboli ya Marekani, kanuni za vyuo zinaruhusu saa 20 za mchezo kwa wiki wakati wa msimu, lakini mechi nzima huandikwa saa 3 hata ikila mchana kutwa, na safari na matibabu havihesabiwi kabisa. Masomo yako palepale. Tena kabla ya Julai 2021 hakuruhusiwa kuingiza pesa kwa jina lake. Huyo utamdai nini?

La kuuliza ni hili: akishatoa, nani anapokea, na kinatunzwaje?

Mtazameni Joe Burrow, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) aliyekulia kaunti ya Athens, kusini-mashariki mwa Ohio, upande wa milima ya Appalachia ambako umaskini ni wa siku nyingi. Katika chuo cha Ohio State alisugua benchi, mwaka 2018 akahamia chuo cha LSU kule Louisiana. Msimu wa 2019 alirusha pasi 60 za tachidauni, yaani za kufunga, na timu ikashinda mechi zote 15. Tarehe 14 Desemba 2019, New York, akakabidhiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Huku analia, akasema amesimama pale kwa ajili ya watoto wa Athens wanaorudi kutoka shule na njaa, na nyumbani chakula ni kidogo. Sentensi chache tu. Hakutaja akaunti, hakuomba hata senti.

Mkazi mmoja wa Athens akafungua mchango Facebook kwa ajili ya ghala la kaunti linalogawia wenye njaa chakula, lengo dola 1,000. Ukapita 500,000.

Hapo ndipo misaada mingi huharibikia. Ghala hilo liliendeshwa na watu wa kujitolea. Limiminie chakula cha pesa zote hizo kwa mkupuo: majokofu hayatoshi, maziwa yanachacha, na mwaka unaofuata njaa iko palepale. Afadhali pesa kuliko makopo, maana maghala ya namna hii hupata chakula kupitia benki ya chakula ya eneo lao, yaani shirika linalokusanya chakula cha msaada, kwa bei iliyo chini sana ya dukani. Na mwaka 2020, dola 350,000 zikawekwa kwenye mfuko wa kudumu wenye jina la Burrow: mtaji hauguswi, yanatumika mapato yake. Ukikadiria asilimia 4, ni dola 14,000 kila mwaka. Si nyingi, ila haziishi. Misaada ya kwetu tunaijua: unga, mafuta, sabuni, picha na jezi, kisha kimya.

Kwa hiyo hapana yangu imelegea. Deni lipo, ila ni la kutumia mdomo pale ambapo kamera zimeelekezwa kwako, na lina maana tu kama nyumbani kuna watu waliojipanga kupokea. Halafu Burrow baba yake alikuwa kocha wa chuo. Hakuwa yeye mwenye njaa, jambo ambalo huenda lilimrahisishia kusema. Na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Anayevuna mamilioni tunaweza kumdai zaidi ya maneno. Beki wa akiba anayesomea uhandisi na kurudi bwenini saa nne usiku, mwacheni alale.