Kabla hujabana mafuta ya ofisi, jua kila gari linakula kiasi gani

Nimesimamia magari ya taasisi moja ya umma hapa Dodoma kwa miaka tisa, na kabla ya hapo nilikuwa dereva. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliyekabidhiwa kazi kama yangu katika ofisi nyingine, kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali, alinipigia simu. Ameletewa waraka wa ndani unaomtaka apunguze matumizi ya mafuta kwa robo kabla mwaka wa fedha haujaisha. "Shikamoo mzee, naomba unielekeze. Nianzie wapi?" Nilikuwa Soko la Majengo, mfuko wa nyanya mkononi, na jibu nililompa lilikuwa la haraka mno. Nalirudia hapa kwa urefu wake, maana najua hayuko peke yake.

Nilimuuliza: robo ya nini? Akanitajia shilingi. Mwaka jana ofisi ilitumia kiasi hiki, mwaka huu itumie pungufu yake. Nikamuuliza magari yake yanakwenda kilomita ngapi kwa lita, moja moja. Hakujua, na kabla yake hakuna aliyewahi kujua.

Shilingi haipimi mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikishuka, ofisi inaweza kumwaga mafuta vilevile huku taarifa ikisema tumeokoa. Ikipanda, mtu aliyejibana kwelikweli anaonekana mfujaji. Mwaka 2022 tuliliona hilo wote, bei ilipopaa hadi Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Mwaka ule madereva wangu walitumia lita chache kuliko mwaka uliotangulia, na bado niliitwa kujieleza kwa nini fungu limekwisha mapema. Tangu hapo bajeti yangu naiandika kwa lita, shilingi inafuata baadaye. Wamarekani, katika sheria yao ya nishati ya mwaka 2007, walizitaka taasisi za serikali kuu zipunguze mafuta ya petroli kwa angalau asilimia 20 ifikapo 2015, na wakataja mwaka wa kulinganishia: 2005. Ukiwa na mwanzo unaojulikana, hata kubishana kunakuwa na maana.

Lakini hata lita peke yake hazitoshi. Ofisi isiyosafiri hutumia lita chache, na kazi imelala. Unachotaka kujua ni kilomita kwa lita, na namna ya kuipata ni ya zamani, haina gharama. Gari lisimame mahali tambarare. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongeze hata tone, kisha andika namba iliyo kwenye mita ya kilomita. Likatembee. Likirudi, jaza tena vilevile, kwenye pampu ileile ikiwezekana, uandike lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara nne au tano ndipo uiamini namba, kwa kuwa mjazo mmoja hudanganya.

Sasa tazama desturi yetu ilivyo. Dereva anaambiwa, unakwenda Singida, chukua lita 60. Anarudi, kesho anapewa lita 25 za mjini. Keshokutwa lita 40. Tenki halijai hata siku moja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema gari limetumia ngapi. Logibuku, lile daftari la safari za gari, imejaa saini, na bado haijibu swali. Kama kuna kanuni moja tu ambayo ofisi yako itakubali kuibadilisha mwaka huu, iwe hii: mara mbili kwa mwezi kila gari lijazwe tenki zima, afisa usafirishaji akiwepo.

Namba ikishapatikana, linganisha gari na lenyewe. Hadtopu la Land Cruiser, lile la injini ya dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, kwetu lilikuwa likitupa kama kilomita 8 kwa lita kwenye lami, na 6 na kidogo kwenye njia za vumbi za vijiji vya Mpwapwa. Ukilipima kwa Hilux utaonea mtu. Lipime kwa mwezi wake uliopita, kwa barabara zilezile.

Mimi nilionea mtu. Ilikuwa mwaka 2019. Hadtopu moja lilishuka kutoka 8 hadi 6 ndani ya miezi miwili, na safari zake zilikuwa zilezile za lami. Nikaona jambo liko wazi: mafuta yananyonywa. Nilimwandikia dereva wake barua ya kujieleza na kumwondoa kwenye gari. Ni mtu mzima, alianza kazi kabla yangu, na mengi ninayoyajua ya gari alinifundisha yeye. Hakujibizana. Maneno yakazagaa ofisini kama yanavyozagaa. Nikampa gari dereva mwingine. Wiki tatu baadaye namba ilikuwa bado 6.

Yule mzee akaja mlangoni kwangu. "Bosi, nipe nusu saa yako." Tukaenda wote hadi Ihumwa na kurudi, yeye akiendesha. Tulipokaribia ofisi akatoa gia na kuliacha gari lisimame lenyewe, bila kugusa breki, na lilisimama upesi mno kwa mahali tambarare vile. Akashuka, akazunguka magurudumu manne akiyapapasa ringi kwa kiganja, kisha akanionyesha nami nifanye vivyo hivyo. Tatu zilikuwa na uvuguvugu. Ya nyuma kushoto sikuweza kuigusa hata kwa sekunde. Ilipofunguliwa gereji, vumbi lilimwagika kama unga wa mtama, silinda ya breki ya gurudumu ilikuwa imeganda kwa kutu, na viatu vya breki vilikuwa vimeungua hadi vinang'aa. Gari lilikuwa limekwenda miezi miwili likiwa limeshikwa mguu. Lilipotengenezwa, tenki lililofuata likatoa 7.9.

Nilimwomba radhi mbele ya madereva wote, nikaandika barua nyingine ya kuifuta ile ya kwanza, na nikahakikisha zote mbili ziko kwenye jalada lake. Hilo ndilo ninalotaka kijana wa Mtumba alisikie kwa uzito kuliko mengine yote. Namba inakuambia kuna jambo. Haikuambii ni nani.

Kwa hiyo gari likianza kula, nenda kwa mpangilio. Pima upepo wa matairi likiwa limepoa asubuhi. Kila PSI moja (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua inaongeza matumizi kwa kama asilimia 0.2, na nimeshayakuta matairi yaliyopungukiwa PSI 10, kwa hiyo hiyo ni asilimia 2 ya kila safari, mbali na mpira wenyewe unaolika pembeni. Shika ringi baada ya safari fupi, kama nilivyofundishwa. Toa filta ya hewa uitazame kwenye mwanga; kiangazi cha Dodoma, hasa upepo wa Agosti ukianza kuvuma, huziba filta kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, na dizeli ya zamani isiyopata hewa huanza kutoa moshi mweusi. Kisha nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Yote hayo yatoke kwenye orodha ndipo uangalie tabia ya dereva, na wizi uwe wa mwisho kabisa.

Sisemi wizi haupo. Upo, na unaonekana kwa hesabu ileile. Tumewahi kupata risiti ya lita 88 za Hilux ambayo tenki lake ni la lita 80. Hatukuhitaji mlinzi wala kamera.

Nije kwenye mahali ambapo mafuta mengi hupotea bila mtu kuiba. Nenda nje ya ukumbi wowote wa mikutano mjini saa nane mchana mwezi wa Oktoba. Utaona magari kumi, kumi na matano, yote yananguruma, vioo vimefungwa, madereva wamelala ndani na kiyoyozi kimewashwa. Injini kubwa ikikaa hivyo inaweza kumaliza zaidi ya lita moja kwa saa, na mkutano wa saa nne ni saa nne kweli. Nilitoa agizo la kuzima injini. Halikufuatwa, na nikitazama nyuma sioni lingefuatwaje. Unamwambia mtu akae ndani ya bati la moto akisubiri, na hajui mkubwa anatoka saa ngapi. Kilichosaidia ni banda. Nguzo sita, mabati, mabenchi mawili, mtungi wa maji na sehemu ya kuchajia simu, chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi yetu. Na tukakubaliana na wakuu kwamba dereva anapigiwa simu dakika kumi kabla ya kikao kufungwa. Ndani ya mwezi injini zilikuwa zinazimwa bila mimi kusema neno. Naona uchungu kila nikipita kwenye jengo jipya la ofisi lenye maegesho mazuri ya magari na hakuna hata kivuli kimoja cha anayeyaendesha.

Mwendo nao uko hivyohivyo. Hadtopu ni kabati linalopasua upepo. Ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili. Madereva wanalijua hili kuliko mimi. Lakini kama kikao cha Dar es Salaam ni saa nne asubuhi na mkubwa anataka kuondoka Dodoma saa kumi alfajiri, kilomita 450 zimeshaamua mwendo, si dereva. Kanuni ya mwendo iandikwe kwenye kibali cha safari, kwenye saa ya kuondoka, na ianze na anayesaini kibali.

Na kuna jambo ambalo watu wa kada yangu tunalisema chini chini. Mkubwa anapanda ndege kwenda Dar, na gari lake linatangulia tupu usiku ili limpokee uwanjani. Kwenda na kurudi ni kilomita 900. Kwa gari la kilomita 8 kwa lita, hizo ni lita zaidi ya 110 za kusafirisha kiti, pamoja na posho ya dereva na hatari ya barabara ya Gairo gizani. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, sababu ya safari hiyo imezidi kuwa nyembamba. Ofisi nyingi zina tawi au ofisi ndogo Dar, na tawi lina gari. Weka kanuni kwamba gari la Dodoma halishuki Dar bila abiria au mzigo ulioandikwa, na yule wa juu kabisa awe wa kwanza kuifuata. Asipoifuata yeye, usimsumbue dereva kwa lita tano.

Kuhusu mashangingi, yale magari makubwa ya kifahari, nitasema kwa ufupi kwa sababu uamuzi wa kuyanunua haufanyiki kwenye meza ya afisa usafirishaji. Majirani zetu Kenya mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, walitangaza kikomo cha injini ya 1800cc na mawaziri wakaletewa Volkswagen Passat. Wapo walioshikilia magari yao makubwa. V8 ya dizeli ya Land Cruiser ina cc 4461, zaidi ya mara mbili ya kikomo kile. Hata hivyo, kikomo kimoja kwa kila gari hakifai huku kwetu. Jaribu kuvuka korongo la mchanga vijijini mwezi wa Februari na gari la 1800cc. Unachoweza kufanya wewe, bila kibali cha mtu, ni kupanga gari kwa barabara. Mjini hadi Mji wa Serikali ni lami, kama kilomita 17. Gari linalokwenda na kurudi mara mbili kwa siku linatembea kilomita 68. Likiwa la kilomita 7 kwa lita, ni kama lita 10. Likiwa gari dogo la saluni la kilomita 14, ni kama lita 5. Kwa siku 20 za kazi umeokoa karibu lita 100, na hujamnyima mtu safari. Bado hujagusa zile safari za kupeleka bahasha moja, ambazo mfumo wa e-Ofisi, wa kutumiana nyaraka kwa kompyuta, ulipaswa kuzimaliza, na ambazo mahali pengi bado zinaendelea kwa mazoea.

Yule kijana amenitumia picha jana usiku. Daftari la mistari, magari manne, tarehe, kilomita, lita, kwa mwandiko safi. Matatu yana namba. La nne ameacha wazi, na pembeni ameandika kwamba mita yake ya kilomita ilikufa tangu mwaka juzi na safari zimekuwa zikiandikwa kwa kukadiria. Nimemwambia gari hilo lisitoke tena getini mpaka mita itengenezwe.