Nesi mpya wa shule ya bweni Lamu, soma haya kabla muhula haujafunguliwa

Wodini kuna mtu juu yako. Ukikwama unamuita daktari wa zamu, akichelewa unamuita tena, na mambo yakiharibika mko wengi wa kuulizwa. Shuleni uko peke yako na kabati la dawa, vitanda viwili vitatu, na wasichana ambao wazazi wao wako Kizingitini, Kiunga, Witu na Mpeketoni. Saa nane za usiku mwalimu wa zamu anakutazama wewe usoni. Jambo hilo huwashinda wengi wanaotoka hospitali wakidhani wanakuja kupumzika. Dawa ulishafundishwa chuoni. Kuamua nani abaki kitandani, nani arudi darasani na nani apandishwe boti, hilo utalisomea kazini.

Utakalosikia kuliko yote ni "Sista, kichwa chaniuma." Utalisikia mpaka uliote. Walimu watakwambia wengi wanajisingizia, na kweli wapo. Foleni ya asubuhi ya mtihani wa hesabu utaiona mwenyewe. Lakini usimwite mtu mwongo kabla hujamgusa. Pima joto, hesabu mapigo, uliza amekula nini na lini, amelala saa ngapi, siku zake ni lini. Kisha andika: tarehe, saa, bweni, kidato, alichosema, ulichopima, ulichompa, saa aliyotoka.

Daftari hilo ndilo mwenzako wa zamu. Lifungue kila Ijumaa jioni ulisome lote, kwani huonyesha yale ambayo mgonjwa mmoja mmoja hawezi kukuonyesha. Wa bweni moja watatu wanaharisha usiku mmoja? Usimngoje wa nne, mpigie afisa wa afya ya umma na uende jikoni ukaangalie maji. Na yule anayekuja kila siku kichwa kikimuuma baada ya masomo ya mchana, huenda haoni ubao. Tundika chati ya macho ukutani, pima mita 6, piga alama ya rangi sakafuni (chaki hufutwa na wafagiaji), umsimamishe hapo. Akipata miwani hamtaonana tena, labda mkikutana njiani akakuamkia. Furaha nyingi za kazi hii ni za namna hiyo: mtu haji tena.

Joto likipanda, pima malaria kabla ya kutibu malaria. Kipimo cha haraka hutaka dakika 15 hadi 20, na hakuna mtihani usioweza kungoja dakika hizo. AL, dawa ya malaria, humezwa dozi 6 zilizogawanywa ndani ya siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Chai ya rangi na mkate mkavu havitoshi, kwa hiyo fanya urafiki na mpishi. Dozi ya kwanza aimeze mbele yako na akae nusu saa, maana akitapika itabidi umpe tena. Usimkabidhi pakiti nzima aende nayo bwenini. Vidonge vya siku ya tatu vitagawiwa rafiki mwenye mafua.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu zake. Wapo watakaoficha homa ili wasifungulishwe, na si rahisi kumlaumu mtoto aliyelelewa hivyo. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku baadaye imo ndani ya Qur'ani yenyewe, lakini ikitoka kinywani mwa ustadhi wa shule ina uzito kuliko ikitoka kwako, basi mtangulie kuzungumza naye. Dawa za mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa futari na daku. Mwenye kisukari, mwenye kifafa na mwenye vidonda vya tumbo wapeleke kliniki tangu Shaabani, daktari aamue. Hapo usijitie uhodari.

Na kipimo kikisema si malaria, habari haijaisha. Mwaka 2004 Lamu ilipigwa na chikungunya, homa ya viungo iletwayo na mbu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wakiweka maji majumbani, na mbu wake hutaga kwenye maji yaliyowekwa. Tena huuma mchana, hivyo chandarua cha bweni hakimpi shida. Nyumba za zamani za mji huu zilifuga samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu. Wazee wetu hawakungoja warsha. Wewe zunguka matangi kila Jumamosi, funika yaliyo wazi, pindua ndoo zilizosahauliwa nyuma ya jiko. Homa ya viungo isiyo malaria usiikimbilie kwa brufeni wala diklofenaki, kwani kama ni homa ya dengi damu inaweza kuvuja. Paracetamol, maji mengi, na jicho lako.

Wenye sikoseli wajue kwa majina wiki ya kwanza, pamoja na wenye pumu na kifafa. Fomu ya kujiunga na shule haitakwambia yote. Wazazi wengine huogopa mtoto asikataliwe. Ongea na mama siku ya kuripoti, pembeni, mbali na foleni ya karo. Mtoto wa sikoseli anataka maji siku nzima, anataka chupa darasani na ruhusa ya kwenda msalani bila kugombezwa, na asubuhi za masika asioge maji ya baridi alfajiri. Mwalimu wa michezo ajue pia. Maumivu yake usiyapime kwa sauti, maana waliozoea kuumwa huumwa kimya. Akipata homa, kifua kumbana au kupumua kwa shida, hapo hakuna kumweka kitandani aangaliwe, ni hospitali moja kwa moja. Kumlea mtoto huyo tangu mwaka wake wa kwanza mpaka akakaa mtihani wa mwisho akiwa mzima ni malipo ambayo hayaandikwi kwenye hati ya mshahara. Mama yake atakuletea mikate ya mofa. Pokea.

Sasa mapepo. Ukikaa shule ya wasichana pwani yatakufikia, mara nyingi karibu na mitihani. Mmoja anaanguka prepu akipiga kelele, wa pili anamfuata, na kabla hujavaa viatu wako saba uwanjani na shule nzima imewazunguka. La kwanza ni kuwaondoa watazamaji. La pili ni kuwatenganisha walioanguka, kila mmoja mahali pake, penye hewa, na mtu mmoja mtulivu. Kisha wapime kama unavyowapima wagonjwa wengine, joto, mapigo, sukari. Angalia ulimi kama umeumwa na nguo kama zimelowa mkojo, kwani mwenye kifafa anaweza kupotea ndani ya kundi hilo, akaombewa hali anahitaji dawa. Usisimame kubishana na anayesema ni majini. Ukishampima na kuona ni salama, ustadhi akitaka kumsomea kisomo, na asome, kwa sauti ya chini, chumbani, mlango wazi na matroni yupo. Kazi yako kubwa ni kesho yake. Waite mmoja mmoja, uwasikilize. Utasikia habari za karo, za posa iliyoletwa nyumbani bila yeye kuulizwa, za mjomba anayeogopwa.

Habari ya mjomba ndiyo itakayokunyima usingizi. Msichana akikwambia ameingiliwa, usimhoji kama polisi na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu utalazimika kusema. Mwahidi kwamba watakaojua ni wachache na utamtajia kila mmoja. Hospitali kwanza: dawa ya kuzuia Ukimwi inafaa ianze kabla saa 72 hazijapita, na ikianza mapema ndivyo bora. Asioge, na nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Nambari 116, simu ya kusaidia watoto, ni ya bure. Watakuja watu na maneno ya kuyamaliza kwa wazee, nyumba ya fulani isiaibike. Wape kiti, wape maji, na uendelee na unaloandika.

Siri za kawaida nazo zina bei. Utaambiwa upime mimba bweni zima baada ya likizo na upeleke orodha ofisini. Kataa kwa adabu, na uwe na maneno tayari. Kipimo kinataka ridhaa, jibu ni la mwenyewe kwanza, na tangu 2020 ipo miongozo ya serikali ya kumrudisha shule aliyejifungua, kwa hiyo mimba haimfukuzishi mtu. Mwalimu mkuu mwema atakuelewa. Asiye mwema ataelewa ukiandika barua.

La mshahara nitalisema kwa ufupi kwa kuwa halina dawa. Wengi wetu tunaajiriwa na bodi ya shule, si kaunti wala tume ya walimu, na karo ikichelewa nawe unachelewa. Taka mkataba wa maandishi, uulize nani anashika zamu siku zako za mapumziko, na leseni yako ya Baraza la Wauguzi isiishe muda ukiwa kazini. Dawa ziagize mwanzo wa muhula, fedha zikiwapo. Usisahau vifaa vya vidonda, maana mji una punda na paka wengi. Jeraha la kung'atwa na paka lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa na si kwa kukisia, kisha mtoto apelekwe kwa chanjo ya kichaa cha mbwa hata kama paka anajulikana na msikiti mzima.

Limebaki boti. Ukiwa kisiwani Lamu, hospitali ya King Fahd iko karibu. Ukiwa bara unahitaji kuvuka kutoka Mokowe, na ukiwa Pate unategemea hospitali ya Faza kwanza, halafu bahari. Jifunze kusoma maji hata kama ulizaliwa Nyeri. Mkondo wa Mkanda, njia ya boti kati ya Manda na bara, hupitika vyema maji yakijaa. Yakitoka, mnangoja huku mgonjwa analia. Miezi ya kusi nje kunachafuka. Kwa hiyo wakati wa kuamua rufaa huja mapema kuliko ulivyozoea. Mwenye tumbo gumu upande wa kulia saa kumi za jioni usimwambie tuone asubuhi, wakati unajua maji yatatoka usiku. Bandika mlangoni karatasi ya majira ya maji ya mwezi huo, na nambari za simu za manahodha watatu. Mmoja simu itakuwa imezimwa, na wa pili atakuwa harusini Shela.