Kipimo cha damu kwa mbwa anayejikuna

Kama unashuku mbwa wako anajikuna sababu ya chakula, usilipie kipimo cha damu, majibu yake kwa aleji ya chakula hayaaminiki. Mpe nyama hajawahi kula, kama sungura ama mbuzi, na viazi, wiki 8 hivi bila kitu kingine, hata mfupa wa nyama choma zii, halafu mrudishie chakula cha zamani, akianza kujikuna tena ndani ya wiki 2 hivi basi umejua ni chakula. Vet wangu ndiye alinionyesha, kumbe mbwa wangu alikuwa anasumbuliwa na nyama ya ng'ombe na mi nalaumu ugali. Lakini maliza viroboto kwanza. Na kama ni kuhara tu akinywa maziwa, hiyo si aleji, ni tumbo linashindwa kuyasaga.