Usiisugue sarafu kabla ya kuipima

Ndugu, umeuliza kama mashine ya eksirei ya mkononi itakuambia ile sarafu uliyookota Kilwa Kisiwani ina madini ya fedha kiasi gani, na kama uisugue kwanza kwa ndimu. Ndimu iweke mbali kabisa, tafadhali! Asidi yake inakula maandishi, na hayarudi tena.

Mashine hiyo inafaa, ila inasoma ngozi ya juu tu. Fedha iliyochanganywa na shaba ikikaa ardhini karne nyingi, shaba ya juu huliwa kwanza, fedha ikabaki. Basi kipimo kinaonyesha fedha nyingi kuliko iliyomo ndani. Ndiyo maana wataalamu wengine hutoboa ukingoni kitundu chembamba, wakamwaga vumbi la kwanza na kupima la ndani. Maabara chache hutumia nyutroni, chembe za ndani ya atomi zinazopenya bila kutoboa.

Sarafu nyingi za masultani wa Kilwa ni za shaba, kwa hiyo usitarajie fedha. Za fedha zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zaidi ya 2,000.

Kabla ya maabara, ipeleke kwa maofisa wa Mambo ya Kale, uwaonyeshe mahali hasa ulipoiokota.