Mnaotaka kwenda kulala kabini, kusanyeni hela kwanza

Wiki iliyopita niliweka picha tukiwa kabini, kile kijumba cha mbao cha kukodi, pale hifadhi ya William O'Brien huku Minnesota, watoto wameshika majani mekundu, mimi nimekaa pembeni ya moto na kikombe changu cha chai, basi meseji zikamiminika. Iliyonigusa ni ya dada mmoja wa St. Cloud: "Shikamoo dada, na mimi nataka kuwapeleka wanangu, naanzia wapi?" Marahaba mdogo wangu. Hizo ulizoziona ni picha za mwaka huu. Za mwaka juzi sikumuonyesha mtu.

Mwaka juzi nilijifanya mwenyekiti. Sisi huku Brooklyn Park tumezoea kuonana kwenye harusi, misiba na vipaimara, nikasema jamani, miaka yote hii tuko Minnesota na mto St. Croix hatujauona, ni mwendo wa saa moja tu toka Minneapolis, ng'ambo unaitazama Wisconsin, twendeni tukalale porini siku mbili. Grupu zima likashangilia. "Tupo." "Tuko pamoja mama." "Umewaza la maana sana." Familia nne hizo pamoja na yangu. Na mimi kwa kiherehere changu nikabuku kabini mbili kwa kadi yangu, watu sita sita, nikasema mtanirudishia.

Sasa kama umewahi kukaa kamati ya harusi unajua daftari lina safu mbili, ahadi na taslimu, na unajua ukumbi haulipiwi na safu ya ahadi. Nimekuwa mweka hazina wa harusi tatu mimi! Nikasahau. Alhamisi usiku mabegi yameshafungwa, familia moja inaandika mtoto ana mafua, ya pili inaandika baba kapata shifti. Sawa, mafua yapo na shifti zipo, mimi mwenyewe natunza wazee najua shifti inavyokudondokea. Lakini Jumamosi mchana binti yangu ananionyesha simu, wale wenye shifti wako kwenye besidei, mama kavaa kitenge tulichoshona sare. Dola 90 zangu hadi leo sijaziona. Simdai, naeleza tu ilivyokuwa.

Kabini moja ikalala tupu imelipiwa. Na hiyo tuliyoingia nayo, tulifika giza, nafungua mlango naona vitanda vya dabo deka, magodoro yamevikwa plastiki, meza, benchi na hita, basi. Shuka hakuna. Sufuria hakuna. Maji ukachote nje, choo nje na tochi mkononi, na kupika humo ndani ni marufuku. Yote hayo yalikuwa yameandikwa wakati wa kubuku, mimi nilikuwa naangalia picha nikajua ni hoteli ya mbao. Watoto walilala na majaketi, juu nikawafunika kanga, doti moja watoto wawili, Oktoba ya Minnesota hiyo. Ukijigeuza plastiki inalia kama mtu anafungua biskuti.

Kuni nazo nilibeba toka nyumbani, jirani alikata mti wake nikaona bahati. Kumbe hairuhusiwi. Kuna mdudu anakula miti ya jamii ya ash, kwa Minnesota alionekana mara ya kwanza St. Paul mwaka 2009, na anasafiri na kuni za watu kama mimi, ndiyo maana kuni lazima ununue zilizoidhinishwa, huko huko jirani na unapolala, na risiti uitunze. Askari wa hifadhi alinieleza kwa upole kabisa, ndiyo maana iliniuma zaidi.

Halafu usiku nikasikia kifuniko cha deli. Nikatoka na tochi nikijua ni mwanangu mwenye tamaa, nikakuta rakuni, mnyama mnene kama paka aliyeshiba, usoni kama kavaa barakoa, mikono kama ya mtoto mchanga. Foili ameshaifungua vizuri tu, hajaichana. Anachomoa chapati moja, anaishika kwa mikono miwili, anakula pembeni kwanza. Nikamwambia "wewe!" Akaniangalia, akaendelea. Chapati 30 nilizosukuma mpaka bega likauma. Siku hizi chakula chote kinalala ndani ya gari, milango imefungwa.

Niliporudi nilikaa miezi sijasema neno kwenye lile grupu. Watu wakaanza kuniita mama kabini, kwa utani eti. Nikavumilia.

Mwaka huu nikabadilika. Nikatangaza mara moja: dola 90 kila familia, mwisho wa kulipa Ijumaa, asiyelipa nafasi yake hamna. Wakanuna. Mmoja akaniambia nimekuwa Mmarekani. Familia moja ikatuma siku hiyo hiyo, nikaenda na hiyo, nikachukua kabini moja tu tuliyoweza kujaza, na hatukukorofishana hata kwenye chumvi. Mdogo wangu, usimbukie mtu ambaye hajalipa. Hata awe mnasali jumuiya moja. Hata akuapie. Anayetaka kwenda anatuma hela, anayetaka kuonekana anataka kwenda anatuma emoji.

Na uwahi. Kabini za hifadhi za jimbo zinafunguliwa kubukiwa siku 120 kabla, na za wikiendi za majani kubadilika rangi zinaisha kama tiketi za Simba na Yanga, kwa hiyo ukitaka kulala tarehe 10 Oktoba, tarehe 12 Juni asubuhi uwe umeshakaa mbele ya kompyuta, hela za watu ziwe zimeshaingia (narudia hapo makusudi). Stika ya gari ya kuingilia hifadhini ni juu yako, ipo ya siku na ya mwaka, mimi nikachukua ya mwaka sasa watoto wananisumbua kila Jumapili. Mablanketi beba mengi kuliko watu. Beba wavu wako wa kuchomea, sufuria nzito ya pilau, tochi kila mtu yake. Na saa nne usiku ni kimya kabisa, kwa hiyo kama mumeo anacheka kama wangu, mfundishe mapema.

Uliuliza pia kama mtoni kuna mamba. Hakuna. Kupe ndio wapo, wadogo kama punje ya ufuta, watoto wakirudi toka kwenye majani wavue soksi uwakague nyuma ya magoti na nyuma ya masikio. Ukienda Juni kuna mbu, hao sina la kukuambia, umetoka Muheza wewe.